Zamu ya Mvua ya Miaka Mia

Katika Jamhuri ya Tulizana hakuna mafuriko. Neno hilo lilifutwa zamani kwa sheria, pamoja na njaa na mgomo, na mahali pake pakawekwa neno lenye adabu zaidi. Maji yakiingia nyumbani kwa mtu yakamfika kifuani, gazeti la serikali huandika kwamba mwananchi huyo ametembelewa. Kwa hiyo Sikudhani Mpembule, aliyeajiriwa kuchunguza mafuriko, alipata tabu kidogo kuwaeleza watu kazi yake. Kitambulisho chake kilisomeka: Mtaalamu wa Ziara za Maji.

Alikuwa amekaa miaka kumi na mmoja katika Idara ya Mvua na Mito, chini ya Wizara ya Hali Njema na Hali ya Hewa. Kila siku, saa tatu asubuhi, katika zahanati, misheni na magereza ya nchi nzima, mtu mmoja hufungua kipimamvua, husoma maji yaliyokusanyika tangu jana, kisha huandika daftarini. Sikudhani alizunguka kuyakusanya madaftari hayo, mengine yakiwa yameliwa na mchwa nusu, akanakili namba zake moja baada ya nyingine. Alitaka kujua jambo moja tu: mvua kubwa kabisa inayoweza kunyesha mahali fulani kwa siku moja, na maji yake yatafika wapi.

Kwa kazi hiyo alihitaji zana. Nchi nzima ilikuwa na vipimamvua arobaini, na vilivyofanya kazi vilikuwa kumi na tisa, kwani vingine mabwana afya walikuwa wakiwekea maua. Alihitaji mashua ya kupimia vina vya mto, kompyuta isiyozimika katikati ya hesabu, na wanahisabati wawili. Kila mwaka aliandika andiko la mradi akalipeleka Wizarani, na kila mwaka alijibiwa kwa upole. Mwaka wa kwanza aliambiwa aambatishe ramani. Mwaka wa pili aliambiwa aiondoe ramani, kwa ajili ya usalama wa taifa. Mwaka wa tatu aliulizwa mvua yenyewe itashirikishwaje, kwa kuwa ni mdau.

Namba kubwa kuliko zote katika madaftari yake ilitoka Gereza la Lukwambe: milimita mia tatu themanini na nane kwa siku moja, miaka ishirini na saba nyuma. Ilikuwa kubwa mno, hata Sikudhani akaitilia shaka. Akasafiri siku mbili kumtafuta mtu aliyeiandika.

Alimkuta kwenye kilima kimoja, mzee mwembamba aitwaye Chiganga, anaishi na mkewe Nambua na mbuzi sita. Wakati ule alikuwa mfungwa, kwa kosa la kumtazama Mkuu wa Wilaya kwa muda mrefu kuliko ilivyoruhusiwa. Kwa kuwa alijua kuandika, akapewa kazi ya kusoma mvua.

"Siku ile chombo kilijaa kabla ya adhuhuri," Mzee Chiganga alimwambia. "Nikapima, nikaandika, nikamwaga. Kikajaa tena. Nikapima, nikamwaga. Mara ya tatu ukuta wa gereza ukaanguka upande wa mtoni, wenzangu wote wakaondoka."

"Na wewe baba, mbona hukuondoka?"

"Kilikuwa kinajaa mara ya nne."

Kwa tendo hilo aliongezewa miaka miwili, maana mfungwa asiyetoroka ukuta ukianguka lazima kuna jambo analolipanga. Alipotoka aliendelea kwenda kusoma mvua ya gereza kila asubuhi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache. Sikudhani alitazama madaftari yake ya miaka yote hiyo, mwandiko mmoja, wino uleule wa bluu, bila siku hata moja iliyorukwa. Akajua namba ile ni ya kweli. Nambua aliwapikia ugali na mlenda, akamfungia mgeni viazi vya kula njiani.

*

Mambo yalibadilika siku Rais alipokwenda kuzindua kisima na viatu vyake vikalowana. Wiki hiyohiyo ukaundwa Mfuko wa Kuikabili Mvua kwa Ujasiri, wa kugharimia zana za utafiti, na mwenyekiti wa kamati yake akateuliwa Profesa Anania Kizeru.

Sikudhani alipolisikia jina hilo redioni alikaa chini akacheka peke yake. Profesa Kizeru ndiye aliyemfundisha. Ndiye aliyemshika mkono mtoni, maji yakiwa kiunoni, akamwonyesha jinsi ya kusoma kijiti cha kupimia bila kukiegemea. Alikuwa akizisahihisha kazi zake kwa wino mwekundu, herufi ndogo zilizolala kushoto, na chini ya kila ukurasa akiandika "Pima tena". Baba yake Sikudhani alipofariki, Profesa ndiye aliyesimama mahali pake siku ya harusi. Mpaka leo alimwita Mwalimu, naye akimwita binti yangu.

"Lete kila ulicho nacho," Profesa alimwambia kwa simu. "Safari hii nitakusimamia mwenyewe."

Kamati ilikaa katika ukumbi wa hoteli, kwa sababu ukumbi wa Wizara ulikuwa umetembelewa. Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Majura Tukae, alihudhuria. Sikudhani alisimama akaeleza kwamba katika bonde la Mto Luwe, mto uleule unaopita Lukwambe, mahali serikali ilipokusudia kujenga Makazi ya Shukrani, inaweza kunyesha mvua ambayo wataalamu huiita mvua ya miaka mia.

Waziri aliinua mkono. "Mara ya mwisho ilinyesha lini?"

"Miaka ishirini na saba iliyopita, Mheshimiwa."

"Basi tuna miaka sabini na mitatu mbele yetu." Akawageukia wajumbe. "Kwa nini tuharakishe zana?"

"Mheshimiwa, jina hilo linapotosha. Maana yake ni kwamba kila mwaka ina nafasi moja kati ya mia. Inaweza kuja mwakani. Inaweza kuja miaka miwili mfululizo."

Waziri alikuwa mtu mwenye utu, hakutaka kumwaibisha mtaalamu mbele za watu. "Mama," alisema taratibu, "serikali hii ina utaratibu wa zamu. Mwenye zamu ya mwaka wa mia hawezi kuja mwaka wa ishirini na nane. Akija atakuwa amevunja utaratibu, na hatutampokea." Wajumbe walipiga makofi, na katibu akaandika kuwa hoja imejibiwa kisayansi.

Hapo Profesa Kizeru akasimama. Aliongea kwa sauti yake ya darasani, akasema kuijua mvua si kuikaribisha, na kwamba nchi jirani tayari zina zana hizo na zimeanza kusema maneno. Hilo la nchi jirani ndilo lililomgusa Waziri. Andiko likapitishwa kabla ya chai, baada ya miaka kumi na mmoja. Sikudhani alitoka nje akasimama karibu na magari ili watu wasimwone akilia.

Sharti lilikuwa moja. Kabla ya zana kununuliwa, aandike ripoti ya awali juu ya bonde la Luwe kwa namba alizonazo. Aliiandika kwa wiki sita. Ukurasa wa hamsini na mbili ulikuwa na jedwali la mvua kubwa, na juu yake Lukwambe na zile mia tatu themanini na nane. Mwishoni alipendekeza Makazi ya Shukrani yajengwe juu ya mwinuko, si kwenye tambarare. Akampelekea Profesa nyumbani.

"Nitapitia lugha tu," Profesa alisema. Hakuifungua. "Wewe tia sahihi yako hapa, ukurasa wa mwisho, niiwasilishe leo kabla ofisi hazijafungwa. Na hilo la mwinuko usiwe na wasiwasi. Wamekwisha kulikubali."

Akatia sahihi. Mke wa Profesa akamletea juisi ya ukwaju.

*

Mwezi uliofuata Mzee Chiganga alikuja mjini kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya uhuru. Alikuwa na barua. Serikali ilikihitaji kilima chake kwa nyumba ya mapumziko ya Waziri, na kwa shukrani ingempa nyumba katika Makazi ya Shukrani. Alimkuta Sikudhani ofisini, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mwanangu, mtu wa maji ninayemjua ni wewe," alisema. "Hapo Luwe pakoje?"

"Nendeni baba. Mimi mwenyewe ndiye niliyelishughulikia. Mtakuwa juu."

Mzee alikunja barua yake. "Nambua atafurahi. Alikuwa anaogopa."

Zana ziliwasili kwa sherehe. Palikuwa na bendi, kwaya mbili na hema la wageni. Kontena lilipofunguliwa yakatoka makoti ya mvua ya wajumbe wa kamati, magari manne yaliyoandikwa ubavuni "Tunaijua Mvua", na jukwaa la kuhutubia lenye kivuli chake. Kipimamvua kilikuwemo pia, kimoja, cha kupakwa dhahabu, nacho kikawekwa ofisini kwa Waziri, juu ya kabati. Tangu siku hiyo kilisoma sifuri kila asubuhi. Robo ya kwanza ya mwaka ilipokwisha, Wizara ilitoa taarifa kwamba mvua imedhibitiwa.

Sikudhani alimwuliza Profesa habari za mashua na kompyuta.

"Hiyo ni awamu ya kwanza, binti yangu. Vitu vikubwa viko njiani."

Akamwamini. Tunaweza kumlaumu, lakini yeye alikuwa akiona mkono uliomshika mtoni, na mtu hauangalii mkono kama huo kwa mashaka.

Siku ya kukabidhi funguo alikwenda Luwe na basi la Wizara. Alianza kuzitafuta nyumba akiwa bado barabarani, akiutazama mwinuko, na mwinuko ulikuwa mtupu, una nyasi na mbuzi. Nyumba zilikuwa chini, mia mbili na kumi, zimepangwa kwa mistari mizuri kwenye tambarare, safu ya mwisho hatua chache kutoka mtoni. Langoni palikuwa na bamba la marumaru. Liliwaeleza wananchi kwamba ujenzi huu umezingatia kipimo cha juu kabisa cha mvua, milimita mia moja na arobaini, kwa mujibu wa Mtaalamu S. Mpembule.

Alilisoma mara mbili. Mbali kidogo aliwaona Chiganga na Nambua wanafungua mlango wao, Nambua akiujaribu ufunguo huku na huku. Sikudhani aligeuka akarudi kwenye basi. Hakuwasalimia.

Kesho yake alikwenda masijala kuiomba ripoti yake mwenyewe. Karani alimweleza kwamba ripoti husomwa kwa idhini ya mwandishi.

"Mwandishi ni mimi."

"Basi huwezi kujiruhusu mwenyewe. Huo ni mgongano wa maslahi."

Alikaa kwenye benchi mpaka wakati wa chakula cha mchana. Karani alipoondoka kwenda kula aliliacha jalada juu ya meza, wazi, akasema huku akiutazama ukuta kwamba yeye hurudi baada ya nusu saa. Ukurasa wa hamsini na mbili, mstari wa Lukwambe ulikuwa umekatwa kwa rula. Pembeni palikuwa na maelezo mafupi: "Kimepimwa na mfungwa. Wafungwa huzidisha." Herufi ndogo, zimelala kushoto, wino mwekundu.

*

Profesa alimpokea barazani. Hakuficha kitu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ningeiacha namba ile, wangetupilia mbali mradi wote," alisema. "Mwinuko ulikwisha gawiwa. Kuna watu wazito wana viwanja pale. Nimekuokolea mradi wako."

"Mwalimu, wewe unajua namba ile ni ya kweli."

"Najua ni nadra. Moja kati ya mia, umeandika mwenyewe. Tisini na tisa kati ya mia hakuna kitakachotokea, na wewe utakuwa na zana zako. Nilipima, binti yangu."

"Jina langu liko langoni."

"Nilitaka upate sifa," Profesa akasema, na kwa jinsi alivyosema ilionekana kweli alitaka.

Sikudhani alimwandikia Waziri barua ya kurasa nne, akitaka watu wahamishwe mara moja. Kisha akangoja jibu. Tusipambe: alingoja wiki tatu. Kila asubuhi aliamka akiwa amepanga kwenda Luwe kumwambia Mzee Chiganga, na kila asubuhi aliwaza uso wa mzee yule, akajiambia kwamba Waziri akijibu atakuwa na jambo la maana la kumpelekea. Jibu lilifika wiki ya tatu. Lilimshukuru kwa kuandika kwa mwandiko mzuri.

Mvua ilianza Jumanne alfajiri. Saa tano mchana Luwe ulikuwa umetoka kwenye kingo zake, na saa nane zile nyumba mia mbili na kumi zilionekana mabati tu. Sikudhani alifika na lori la jeshi, likasimama juu ya mwinuko kwa sababu halikuweza kushuka. Alisimama kwenye nyasi pamoja na askari na wenye mbuzi, akawaona watu juu ya mabati, na baadaye akaona mabati yasiyo na watu. Walikufa arobaini na mmoja. Nambua alikuwa mmojawapo. Alirudi kufungua mlango wa banda la mbuzi.

Gazeti la kesho yake liliandika kwamba Makazi ya Shukrani yamepata ziara ya ghafla. Waziri alisema mvua hiyo ilikiuka utaratibu wa zamu, na kwamba hatua zitachukuliwa dhidi yake.

Iliundwa Tume. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kizeru, kwa kuwa ndiye aliyelijua jambo hilo tangu mwanzo. Asubuhi ya ushahidi alimwita Sikudhani kwenye chumba cha pembeni, akamwekea karatasi mezani. Ilikuwa imegongwa mhuri na Waziri mwenyewe. Vipimamvua mia mbili. Mashua mbili. Kompyuta, na chumba chake. Wanahisabati wawili, ajira ya kudumu.

"Zote ni za kweli safari hii," Profesa alisema. Alikuwa amekonda. "Ukisema jambo moja tu. Kwamba mvua kama hii haijawahi kupimwa nchini. Nani atakayekupinga? Madaftari unayo wewe."

Sikudhani aliishika karatasi ile kwa muda mrefu. Na sisi tuseme ukweli, aliisoma mpaka chini, akahesabu kichwani mito mingapi angeweza kuipima, na watu wangapi wa mabonde mengine wangehama kabla ya maji. Hakuwa mjinga wa kuiona karatasi hiyo kuwa kitu kidogo.

"Mwalimu, hukuandika 'Pima tena'," alisema.

Profesa alikuwa akitafuta miwani yake, ambayo alikuwa ameivaa.

Ukumbini alisema yote kwa dakika arobaini. Alilitaja Gereza la Lukwambe, namba, mwaka, na jina la mtu aliyemwaga chombo mara tatu ukuta ukianguka. Alisoma maneno yaliyoandikwa pembeni mwa ukurasa wa hamsini na mbili na akasema ni mwandiko wa nani. Alisema pia habari za wiki zake tatu. Hakuna aliyemkatiza. Wajumbe walisikiliza kwa heshima, na mwenyekiti akamshukuru kwa sauti isiyosikika vizuri.

Kumbukumbu rasmi za Tume zilitoka baada ya siku kumi. Chini ya jina lake paliandikwa: "Shahidi alikohoa kwa dakika arobaini." Jioni ileile tarishi wa Wizara alimletea chupa ya dawa ya kifua na barua ya likizo ya ugonjwa isiyo na mwisho. Magazeti yalimtakia afya njema.

*

Walionusurika walikuwa wamewekwa katika shule ya msingi upande wa pili wa mto. Sikudhani alimkuta Mzee Chiganga nyuma ya madarasa, amekaa juu ya tofali na wanaume wengine watatu, wanamenya mihogo ndani ya beseni.

"Shikamoo, baba."

Mzee alimaliza kumenya muhogo alioushika. "Marahaba."

Wale wengine waliondoka mmoja mmoja bila kuambiwa. Sikudhani akachuchumaa, akamweleza kila kitu: ripoti, sahihi, mstari uliokatwa kwa rula, bamba la langoni, wiki tatu za kungoja. Mzee aliendelea kumenya. Alipofika kwenye Profesa na maneno kwamba wafungwa huzidisha, kisu kilisimama, kisha kikaendelea.

"Siku ya funguo nilikuona," Mzee alisema. "Nambua ndiye aliyekuonyesha kwangu. Akasema, yule pale mtoto wetu, mbona haji."

Sikudhani alitazama beseni.

"Hizo wiki tatu ulikuwa unangoja nini?"

"Jibu la Waziri."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia namba na kuiandika. "Ungekuja tungehama siku hiyohiyo. Hatukuwa na vitu vingi."

"Profesa alinidanganya, baba. Alikuwa kama mzazi wangu."

"Profesa simjui," Mzee Chiganga alisema. "Mimi sikumwuliza Profesa. Nilikuuliza wewe."

Muhogo wa mwisho ulikuwa umekwisha kumenywa. Akausuuza kwenye ndoo, akauweka pamoja na mingine, kisha akainuka na beseni lake. Sikudhani alinyoosha mikono amsaidie kulibeba. Mzee alizunguka upande wa pili, akapita, akaenda zake jikoni.